Muntu Niliyemuua kwa Redio

Kwa wewe ambaye gazeti la juma lililopita lilifungiwa karanga kabla hujalisoma, nakupa kwa kifupi, maana leo sina pumzi ya kurudilia yote.

Mimi ni Bulaimu, wa mutaa wa Kasuku, hapa Kindu. Niliacha kazi yangu ya kupiga maandishi kwenye duka la fotokopi ili niwe mwandishi wa roman, wa riwaya. Tena si mwandishi mudogo mudogo. Nilikuwa nimeshajizoeza sahihi ya kutia ndani ya vitabu vya watu. Ukurasa wa kushukuru ndugu na marafiki niliuandika kabla ya sura ya pili. Mama yangu nilimuambia achague rangi ya nyumba mupya.

Wachapaji wa vitabu wa Kinshasa hawakunijibu. Ulaya, usiniulize. Mwalimu Adolphine, yule mama mustaafu aliyenifundisha kusoma, alichukua kurasa zangu za kwanza, akazirudisha kesho yake.

"Bulaimu, ukurasa wa kwanza iko na maiti tatu, na bado sijajua hata muntu mumoja. Nitawalilia aje? Andika muntu mwenye unajua. Umuandike kama vile iko mbele yako."

Nikatii. Hapo njo balaa ilianzia.

Nilimuchukua Assani. Assani alikuwa jirani yetu, parseli yake na yetu zinapakana. Wakati wa vita, mwaka ule mji ulizungukwa, treni haifiki na chumvi inauzwa kwa kijiko, alivuka muto kwenda Alunguli na baisikeli iliyobeba mafuta ya mawese, akashika njia ya Lubutu kutafuta chumvi. Hakurudi. Hakuna aliyeleta maiti, hakuna aliyeonyesha kaburi, hakuna aliyesema nilimuona. Muke wake, Hadidja, anakaa mupaka leo ndani ya nyumba ile ile, anamungoja.

Mimi nikamuua. Kwa karatasi, naam, lakini nilimuua. Nikambadilisha jina, nikamuita Ramazani, nikafikiri nimemuficha. Na nikaandika kwa "mimi": mimi nilikuwa pale, mimi niliona.

Juma lililopita niliwaacha mbele ya mulango wa redio ya mutaa wetu, sura ile mukononi mwangu, na Rémy, animateri, mutangazaji wao, ananiuliza nataka kuisoma saa gani.

Nilimujibu: saa ya komunike.

Rémy alicheka. "Wewe! Saa ya komunike njo ya wafu. Hadisi tunasoma siku ya posho, Jumamosi, saa kumi."

"Siku ya posho saa kumi nani anasikiliza?"

"Hakuna muntu."

"Na saa ya komunike?"

"Kindu muzima."

"Basi unipe ile."

Wenye kukaa hapa wananielewa. Saa sita na nusu ya mchana, hata watu wanaogombana wananyamaza kwanza wasikie nani amefariki na matanga iko avenyu gani. Nilitaka masikio yale. Niliyatamani muda mrefu, na sikujiuliza yamefunguliwa kwa sababu gani.

"Basi nitasema kwanza kwamba ni hadisi ya kutunga," Rémy alisema.

"Usiseme! Ukieleza, unaharibu. Acha waingie wenyewe. Waandishi wakubwa hawaelezi."

Ee, njo maneno yangu hayo. Waandishi wakubwa hawaelezi! Ningekuwa na akili ya kuku, ningenyamaza.

Rémy alisoma komunike ya marehemu wa Mikelenge, halafu ya bibi mumoja aliyefia Kalima, halafu ya mutoto. Muziki wa kutenganisha haukupigwa, maana alikuwa ameinama chini ya meza anatafuta waya wa simu yake. Akanisukumia mikro.

Nikaanza.

"Mimi nilikuwa pale. Siku ile mbingu ilivaa nguo ya msiba. Ramazani alianguka karibu na baisikeli yake ya bleu yenye kioo cha kamyo, kwenye mulima mudogo nyuma ya daraja la miti, njia ya Lubutu. Wenye bunduki walichukua mafuta, wakaacha muntu."

Nilisoma na sauti ya kilio. Mahali pa kulia nililia kweli, kwa kujihurumia namna nilivyoandika vizuri. Nilipomaliza, Rémy alikuwa ameshika waya wake, ananitazama.

"Bulaimu," alisema polepole. "Hii maneno ni nzito."

"Njo kazi," nilimujibu, nikatoka.

Inje, dunia ilikuwa imebadilika. Mama anayeuza ndizi mbele ya redio alisimama, akanishika mikono yote mbili.

"Pole, mwanangu. Pole sana."

Nilifikiri: amechomwa na sura yangu. Muendesha moto mumoja alizima pikipiki yake, akavua kofia. Wanaume waliokuwa wanacheza dama chini ya veranda wakaacha kucheza. Mumoja akaniambia, "Umekuwa mwanaume leo. Kubeba kitu kama kile miaka yote, si muchezo."

"Aksanti, papa," nilijibu. "Ilinipa kazi, ni kweli. Sura ile niliirudilia mara nyingi."

Alinitazama kama muntu asiyesikia vizuri, lakini akanipiga begani tu.

Nilitembea kwenda kwetu kifua mbele. Kila parseli niliyopita, watu wanatoka kunipa mukono. Nilijiambia: sasa njo imeanza. Kinshasa watanitafuta wenyewe. Nilikuwa ninapanga nitakalojibu wakinitafuta, nikakata kona ya avenyu yetu, nikaona bashi.

Bashi, turubai ya bleu, ile ya matanga, inafungwa kwa kamba kutoka ukuta wa Hadidja mupaka kwa mwembe wake. Viti vya plastiki vinashushwa kwa mukokoteni. Wamama wameingia na mikeka.

 Nilimushika mukono kijana wa viti.

"Nani amekufa hapa?"

"Aa, Bulaimu! Si wewe njo ulitangaza?"

"Nilitangaza nani?"

"Papa Assani."

"Mimi nilisema Ramazani!"

"Ndiyo," alisema kwa sauti ya chini, ananifinyia jicho. "Tulielewa. Wale wenye bunduki wanaweza kuwa bado wako. Ulifanya vizuri kuficha jina. Lakini baisikeli ya bleu yenye kioo cha kamyo, Kindu hii iko ya nani mwingine?"

 Nilikuwa nimebadilisha jina peke yake. Baisikeli, mafuta, kioo alichotoa kwa lori, kutembea kwa kuvuta muguu wa kushoto, vyote nilivichukua kwa Assani jinsi vilivyo, maana Mwalimu alisema niandike muntu mwenye najua. Nilivua kofia ya muntu, nikaacha kichwa chake hapo hapo, nikasema nimemuficha!

Sijapata kufungua kinywa, Soudi akanikumbatia.

Soudi ni mudogo wake Assani. Kama humujui, ujue kitu kimoja: parseli ya Hadidja iko kwenye kona, inafaa kwa depo ya simenti, na Soudi anauza simenti. Toka zamani anasema parseli ile ni ya familia. Lakini shehe wetu alimujibu kila mara jambo moja: muntu akipotea, mali yake inangoja. Hapa hakuna maiti, hakuna mashahidi wawili, kwa hiyo hakuna urizi wa kugawa. Hadidja na binti yake Mounira walikuwa wanakaa juu ya jibu lile.

"Mutoto wa jirani!" Soudi alisema kwa nguvu ili wote wasikie. Machozi yalikuwa yanatiririka, na mimi sijui kama yalikuwa ya kweli. "Umetutoa kwa giza! Leo alasiri shehe anakuja. Utarudilia mbele yake kama ulivyosema kwa redio, na muke wa kaka yangu aingie eda, na mambo ya familia yapate njia."

"Yaya Soudi, kaka, ngoja, ile ilikuwa..."

"Usiogope. Tuko nyuma yako."

Akanifinya begani mupaka nikaumia.

Mwanamuke mumoja alitoka kwa mulango. "Bulaimu. Mama Mounira anakuita ndani."

Ningekimbia, kweli ningekimbia, lakini mbele kulikuwa watu na nyuma kulikuwa watu.

Hadidja alikaa chini kwenye mukeka, mugongo kwa ukuta. Alikuwa hajalia. Aliwaambia wamama watoke. Tulibaki wawili, na mulango wazi kama inavyotakiwa.

"Kaa."

Nikakaa.

"Wakati wa njaa ile, ulikuwa mutoto. Mama yako alikuwa mugonjwa. Nani alikupa chakula?"

"Ni wewe, mama."

"Kila asubuhi unapita hapo kwa lupango, kwa ua wetu, unanisalimia, 'Mama Mounira, umeamukaje?' Mimi najibu salama. Na wewe unajua mahali Assani iko?"

"Mama, sijui kitu."

"Usinichezee!"

Hajawahi kunipigia kelele maisha yake yote. Nilitamani anipige kofi badala yake.

"Mama, nisikilize. Ile ni roman. Ni hadisi ya kutunga. Mimi nilikaa kwa meza, nikafikiri, nikaandika. Sijafika njia ya Lubutu hata siku moja. Wakati ule nilikuwa hapa hapa, si ulinipa chakula? Ningefika kule aje?"

 Niliona ameanza kupima maneno yangu. Nilishukuru Mungu ndani ya moyo.

Halafu aliuliza, "Na kikwembe?"

"Kikwembe gani?"

"Ulisoma kwa redio kwamba shingoni alifunga kipande cha kikwembe, kitambaa cha kujifunga cha muke wake. Cha rangi ya manjano."

"Niliweka tu, mama. Ili watu wamuhurumie."

"Uliweka tu." Alirudilia maneno yale kama anayaonja. "Asubuhi ile, kabla hajavuka, nilipasua kikwembe changu cha ndoa. Cha manjano. Nilimufunga shingoni kwa sababu ya jasho. Hakuna muntu alikuwa hapo. Mounira alikuwa tumboni. Sijamuambia muntu, hata mama yangu muzazi. Sasa uniambie vizuri: ulitunga?"

Wasomaji, naapa kwenu, nilitunga! Nilikuwa nimeandika kitambaa chekundu, nikaona nyekundu inafanana na damu, nikaandika manjano. Njo vile tu. Rangi niliichagua kwa meza ya mama yangu, ninakula muhogo.

Lakini nilimutazama yule mama, na maneno hayo hayakutoka.

"Alikuwa na kiu?" aliuliza.

"Mama..."

"Wakati alianguka. Alikuwa na kiu? Alisema kitu?"

Sikuwa nimeandika alisema nini. Sura ile nilikuwa bado sijaimaliza. Nilisimama nikatoka na nyuma, nagonga sufuria, na wamama wa mikekani wakasema maskini, amekumbuka.

Nilikimbia mupaka kwa Mwalimu Adolphine. Alikuwa anapepeta mupunga. Hakunikaribisha kukaa.

"Nilikusikia," alisema.

"Mwalimu, wewe njo uliniambia niandike muntu mwenye najua!"

"Nilikuambia umuandike. Nilikuambia umuue kwa redio, katikati ya wafu wa kweli, bila kusema ni roman?"

"Nilitaka wasikilize."

"Ulitaka waamini. Sura yako yote ilikuwa inaomba: muniamini, muniamini. Basi, wameamini. Ulifikiri wakishaamini kutatokea nini? Watapiga makofi, waende kula?"

Nilikaa chini kwenye udongo nikalia. Safari hii haikuwa kwa uzuri wa maandishi.

"Munafikiri kazi ni kupata maneno," alisema, akiweka ungo chini. "Wote munakuja kwangu vile vile. Muna maneno mengi, muna ndoto ya Paris, na muntu mwenye munaandika hamujamuomba hata ruhusa. Hadidja ulimuuliza? Ulivuka lupango, ulimuambia, 'Mama, nataka kuandika mume wako'?"

"Hapana."

"Ulivuka tu kumusalimia."

Nilipangusa machozi na mukono wa shati.

"Amuka. Osha uso. Alasiri unasema kweli mbele ya shehe na watu wote. Ukichelewa, Soudi ataleta simenti kesho. Nakuja na wewe."

Alasiri, baada ya swala, parseli ilijaa. Shehe alikaa kwenye kiti chini ya bashi, musahafu ndani ya kitambaa juu ya magoti yake. Soudi alikaa upande wake wa kuume, kanzu imepigwa pasi. Hadidja alikuwa nyuma ya pazia la mulango, pamoja na Mounira. Mwalimu Adolphine alisimama kwa ukuta na jirani wengine wa kanisa.

"Bulaimu," shehe alisema, "tuambie wenyeji na wageni. Ulisema nini leo mchana?"

Nilisimama. Miguu ilikuwa inatetemeka, lakini nilisema. Nilisema wazi, bila mapambo, na pengine ni mara ya kwanza nilisema kitu bila mapambo.

"Sikuona kitu. Sikuwa kule. Mimi ni mwandishi wa roman. Nilitunga ile kifo. Nilichukua baisikeli ya Papa Assani na muguu wake na safari yake, nikaongeza uongo wangu. Namuomba Mama Mounira musamaha. Nawaomba wote musamaha. Mutoe bashi."

 Nikashusha pumzi. Nilifikiri imeisha.

Halafu mzee mumoja nyuma alitikisa kichwa. "Wamemutisha."

"Kabisa," mwingine akajibu. "Mchana aliongea kama mwanaume. Muangalie sasa, anatetemeka."

"Nani amekutisha, Bulaimu? Walikupigia simu?"

"Hakuna aliyenipigia! Nilitunga!"

"Muntu hawezi kutunga kioo cha kamyo."

"Kioo ni cha kweli! Kifo njo cha kutunga!"

"Na machozi? Sisi tulikusikia unalia."

Wapi! Kila nilivyokana, ndivyo walivyozidi kunihurumia. Miezi yote niliomba watu waamini uongo wangu. Siku niliyosema kweli, hakuna aliyeitaka.

Shehe aliinua mukono. "Nyamazeni. Muntu amesema, na ameondoa maneno yake. Hata kama asingeondoa, shahidi ni mumoja. Mumoja hatoshi."

Nilitaka kumubusu miguu. Mumoja hatoshi! Nyumba imepona.

Soudi akasimama.

Alisimama polepole, ameinamisha kichwa, anapangusa macho na mukono wa kanzu.

"Shehe. Mimi njo wa pili."

Watu wakaguna.

"Nilikuwa nyuma ya kaka yangu na mutoto huyu, na baisikeli yangu. Nilificha miaka yote, kwa haya. Nilikimbia, nikamuacha kaka yangu. Leo mutoto huyu amenipa nguvu ya kusema." Akavuta pumzi. "Siku ile mbingu ilivaa nguo ya msiba. Alianguka kwenye mulima mudogo, nyuma ya daraja la miti."

Wasomaji wangu. Toka nimezaliwa Kindu sijasikia muntu anasema mbingu imevaa nguo ya msiba. Hapa tunasema mvua inataka kunyesha. Maneno yale ni yangu, niliyasumbukia siku nzima, na Mwalimu Adolphine aliyachorea musitari mwekundu akaniambia niyatoe. Sasa yalikuwa yanatoka kinywani mwa Soudi, mbele ya musahafu, kama ushahidi.

Nilimutazama Mwalimu. Alikuwa amefunga macho.

"Mwongo!" nilipiga kelele. "Hiyo ni sentensi yangu! Hakuna daraja! Sijui hata kama kuna daraja!"

"Daraja iko," mzee wa nyuma alisema. "Mimi nilipita kule. Daraja ya miti iko."

"Njia ile iko na madaraja mangapi, babu? Yote ni ya miti!"

"Muache," Soudi alisema kwa upole, na upole ule ulikuwa mubaya kuliko matusi. "Woga si zambi. Aliniona, nilimuona. Moyo wake unajua."

Sasa shehe aliniangalia tofauti. Alifungua kitambaa, akaufunua musahafu.

"Bulaimu, mambo ni haya. Soudi anasema ameona. Wewe mchana ulisema umeona, alasiri unasema hukuona. Ukitaka nikuamini neno la alasiri, nenda kutawaza, urudi uweke mukono hapa, uape kwamba hukuona. Ukiapa, Soudi anabaki peke yake na ushahidi wake, na mali itaendelea kungoja. Ukikataa kuapa, nitachukua neno la mchana. Mutakuwa wawili. Eda inaanza leo, na urizi utagawanywa."

Njo hivyo tu! Kuapa kweli, jambo jepesi kuliko yote niliyofanya juma lile. Nilikwenda kwa ndoo, nikatawaza, maji yakinimwagikia miguuni kwa haraka. Nilipita mbele ya Soudi. Alikuwa amekunja uso, kanzu imeanza kulowa kwapani. Alijua nitaapa. Nilifurahi, hata sifichi. Kwa mara ya kwanza tangu niache kazi ya fotokopi nilikuwa na hakika ya kitu.

Nikaweka mukono.

"Ngoja," sauti ilisema.

Pazia lilifunguka. Hadidja alitoka. Mounira alitaka kumushika, akamutoa mukono taratibu. Alikuja mupaka mbele yangu, akasimama, na wanaume wakavuta viti nyuma kumuachia nafasi.

"Mama Mounira," shehe alisema, "rudi ndani. Anaapa kwa ajili ya nyumba yako."

"Najua, shehe. Nimesikia yote. Soudi ni mwongo, mimi najua. Mwezi ule Soudi alilala hapa na malaria, nilimupikia uji mimi mwenyewe."

Soudi aliangalia viatu vyake. Watu walianza kusema. Nilitaka kucheka kwa furaha.

Lakini hakutaka kumushitaki Soudi, wala hakumuangalia. Aliniangalia mimi.

"Baada ya wewe kutoka mchana, nililala," alisema. "Hapo kwa mukeka, na watu wote hawa, na kelele zote. Toka aondoke nalala na sikio moja. Baisikeli ikipita kwa avenyu, naamuka. Mbwa akilia, naamuka. Hata mvua ikianguka kwa mulango, naamuka, nafikiri anabisha. Leo baisikeli zilipita. Sikuamuka."

"Mama," nilisema, "nyumba..."

"Nyumba nimeichunga kwa ajili yake. Ili akirudi asipotee." Aligeuka, akaangalia mulango wa nyumba. "Kama iko kule, nyuma ya daraja, na kikwembe changu, basi si lazima tena niichunge. Wachukue kona yao. Mimi na mutoto tutakaa kwa chumba cha kupanga, tutakuwa tunalala."

Mounira alikuwa analia nyuma yake. Mwalimu Adolphine pia. 

"Sikukatazi kuapa," Hadidja alisema. "Apa. Mwambie Mungu kwamba hukumuona. Lakini ukimaliza, usikimbie kama mchana. Ubaki umesimama hapo hapo, unitazame kwa macho, na uniambie: kama haiko pale ulimulaza, Assani iko wapi?"

Mukono wangu ulikuwa bado juu ya musahafu, maji ya kutawaza yanadondoka kwa kiwiko.

"Bulaimu," shehe alisema. "Tunakungoja."